Aliyekuona Kabla ya Nyota

Mara ya mwisho kumwona baba mdogo akiwa na fahamu zake zote, hakuwa akizungumza na sisi ndugu zake. Alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, upande wa kulia wa mwili umelegea kwa kiharusi, akimtazama mzee mwenzake aliyekaa chini kwenye kigoda akimng'arishia viatu. Vilikuwa vile vyeusi vya ngozi alivyostaafu navyo, na sote mle ndani tulijua hatavivaa tena. Yule mzee hakuonekana kulijali hilo. Alifungua kopo la dawa ya viatu, akazungushia kipande cha fulana kuukuu kwenye vidole viwili, akachovya, akadondosha tone la maji kwenye kifuniko, kisha akaanza kusugua ncha ya kiatu kwa viduara vidogo vidogo, taratibu, kama mtu asiye na pengine pa kwenda. Kila baada ya muda alikiinua kiatu kwenye mwanga, akakigeuza, akamwonyesha mgonjwa. Baba mdogo akatikisa kichwa: bado. Mzee akaendelea. Mara ya nne au ya tano, baba mdogo alifumba macho, na ile nusu ya mdomo iliyokuwa bado inamtii ikatabasamu. Mzee akakiweka kiatu chini, akachukua cha pili.

Kwa karibu saa nzima hawakusema neno.

"Huyo ni kozi wake," mama mdogo aliniambia jikoni huku akipepeta mchele. "Anakuja kila Jumamosi kutoka Kibaha. Anapanda magari mawili. Nikimpa nauli anakataa, anasema shemeji, usiniaibishe."

Kozi, au kozimeti, ndivyo wanavyoitana walioingia chuo cha maofisa pamoja, wakala kiapo pamoja na kutunukiwa kamisheni siku moja. Hawa wawili walitoka Monduli mwanzoni mwa miaka ya 1980, mmoja Mhehe wa Iringa, mwingine Mngoni wa Songea. Baba mdogo alipanda mpaka akastaafu akiwa kanali. Mwenzake aliishia kapteni. Kazini kapteni alimpigia kanali saluti, kwa mkono ulionyooka na bila kinyongo. Lakini mlango ulipofungwa, nyota zote zilivuliwa na kuwekwa mezani pamoja na kofia.

Bibi yetu, mama yake baba mdogo, alikuwa na methali moja aliyoirudia kila alipotuona tunang'ang'ania marafiki kuliko ndugu: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Alikuwa na sababu zake. Aliwaona wengi waliokula nyumbani kwake wakati wa neema, na siku ya njaa hakuwaona tena. Nami niliishika methali hiyo utu uzima wangu wote bila kuihoji. Jumamosi ile, sisi wazaliwa naye tulikuwa tumejaa sebuleni. Tulikuwa tumeleta machungwa, tumechanga fedha za dawa, tumeomba dua. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kilichomkosesha usingizi mgonjwa yule ni viatu vyake kuonekana vumbi chini ya kitanda. Nimekuwa nikiifikiria methali ya bibi tangu siku hiyo. Sidhani kama alikosea. Nadhani kuna namna ya kuzaliwa pamoja ambayo haipitii tumbo moja.

Baba mdogo alipenda kusimulia kisa cha sabuni. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita tulishinda, lakini nchi ilibaki na madeni na maduka matupu, na aliyeishi miaka ile anaikumbuka foleni ya sukari, foleni ya unga, foleni ya kila kitu. Katika kozi yao, alisema, walikuwamo vijana waliotoka mstari wa mbele wakiwa askari wa kawaida, wakachaguliwa kusomea uofisa, na walikuwamo wengine waliotoka shuleni wakiwa na mikono laini. Wote walinyolewa vipara, wote wakavalishwa kombati zilezile. Mche mmoja wa sabuni uliwafikia watu wanne. Walichomoa uzi kwenye ukingo wa blanketi, wakauzungushia mche, wakavuta, na sabuni ikakatika vipande. Na walikuwa na sheria yao ambayo hakuna mkufunzi aliyewafundisha: anayekata ndiye anayechukua mwisho. Kwa hiyo aliyekabidhiwa uzi alikata kama fundi wa dhahabu.

Nimeisikia hadithi hiyo mara ishirini, na kila mara alipofika kwenye uzi, vidole vyake viwili vilivuta hewani kana kwamba bado vinaukaza.

Asubuhi za Monduli ni baridi ya kuuma masikio, ukungu ukiteremka kutoka mlimani. Kijana anaamshwa gizani, anakimbizwa, anakula kwata mpaka magoti yanatetemeka, na usiku analala hangani na watu ambao jana yake hakuwafahamu. Anaporomoka mbele yao. Analia mbele yao pia, ingawa atafanya kila njia ionekane ni jasho. Aliyekuwa mwana wa mkubwa fulani huko kwao anagundua kwamba jina la baba yake halibebi begi. Aliyekuwa mwana wa mkulima anagundua kwamba anaweza. Na haya yote yanashuhudiwa. Hakuna pazia hangani.

Chuo kile kimejengwa katika nchi ya Wamaasai, watu ambao walikuwa wakifanya jambo hili tangu zamani, kabla ya mtu yeyote kupuliza tarumbeta pale. Kwa mila yao, morani hali nyama peke yake wala hanywi maziwa peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika. Hata akiwa na njaa, hata kama ng'ombe ni wa baba yake, atamtafuta mwenzake kwanza. Rika hupewa jina, na jina hilo huwafuata kutoka umorani hadi uzee, likabaki lao mpaka wa mwisho wao anapoondoka duniani. Ipo sherehe wanayoiita Eunoto, ambapo morani hunyolewa nywele zake ndefu ili aanze safari ya kuwa mzee. Kadeti hunyolewa siku ya kuingia, morani hunyolewa siku ya kutoka. Wembe ni uleule na maana yake haiko mbali: hapa mtu mmoja amekwisha, na mwingine anaanza mbele ya macho ya wenzake.

Kusini, kwa Wamakonde na Wayao, walioingia jando pamoja walijuana kwa namna ambayo wake zao hawakuijua. Na sisi Wahehe na Wangoni tuna jambo letu. Wazee wetu walipigana vita vikali katika karne ya 19, wakauana hasa, kisha wajukuu wao wakawa watani. Mtani ndiye anayeruhusiwa kukuambia lolote. Ndiye anayeingia msibani kwako akitoa masihara wakati ndugu wamevunjika, na ndiye anayeshika jembe la kaburi ndugu anaposhindwa kulishika. Naona busara kubwa hapo, nami naisema kwa unyenyekevu: wazee hawakukaa kuungoja upendo uje wenyewe. Waliutengenezea utaratibu. Walijua siku ya mwisho mtu atahitaji wa kumzika asiye wa damu yake, kwa kuwa damu yake itakuwa imeishiwa nguvu.

Ninachokiamini kuhusu watu hawa wa kozi moja ni hiki: nguvu ya undugu wao haitoki kwenye vita walivyopigana wala medali walizovaa. Wapo waliomaliza utumishi bila kusikia risasi, na bado wameshikamana vilevile. Inatoka kwenye kuonwa. Kila mmoja wao alionwa akiwa hana kitu, hana cheo, hana hata nywele, na aliyemwona alikuwa katika hali hiyohiyo. Miaka arobaini inayofuata kila mtu atamwona kupitia mabega yake, yaani kupitia nyota na mwenge. Atasifiwa na kuogopwa, ataombwa. Kisha siku moja anastaafu, na wale waliokuwa wakiyasalimu mabega wanapita bila kugeuka. Siku hiyo anahitaji mtu wa kumwambia yeye ni nani, na anayeweza kumwambia ni yule aliyemjua kabla ya nyota ya kwanza.

Historia imetuachia mfano mmoja wa jambo hili ambao nimeurudia mara nyingi, ingawa ni wa mbali.

Ulysses Grant alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point, kando ya mto Hudson nchini Marekani, mwaka 1843. Simon Bolivar Buckner alihitimu mwaka uliofuata. Walikuwa chuoni pamoja, wakaenda vita vya Mexico pamoja, na mwaka 1848 walikuwa katika kundi moja la maofisa waliojaribu kuupanda mlima Popocatépetl. Kisha maisha yakamwelemea Grant. Mwaka 1854 aliacha jeshi akiwa California, mbali na mke na watoto, huku nyuma yake watu wakinong'ona kwamba ni mlevi. Alifika New York akielekea kwao, mfuko mtupu, deni la hoteli likimsubiri. Buckner alikuwa katika mji huo. Alikwenda kwa mwenye hoteli akamdhamini mwenzake, mpaka fedha zilipofika kutoka kwa ndugu zake.

Miaka minane baadaye walikutana tena, kila mmoja upande wake. Marekani ilikuwa imegawanyika, Kaskazini na Kusini zinauana. Februari 1862 Grant aliizingira ngome ya Donelson katika jimbo la Tennessee. Makamanda wawili wa Kusini waliokuwa juu ya Buckner walitoroka usiku, wakamwachia yeye mzigo wa kusalimu amri na askari zaidi ya 12,000. Buckner aliandika barua kuomba masharti. Huenda moyoni alitarajia kwamba anamwandikia yule kijana wa hoteli. Jibu la Grant lilikuwa kali: hakuna masharti, salimuni amri mara moja. Buckner aliumia, naye hakuficha uchungu wake. Lakini silaha zilipokwisha kuwekwa chini, Grant alimvuta mfungwa wake pembeni, mbali na watu, akamwambia kwamba mfuko wake wa fedha uko wazi kwake.

Napenda kuitazama siku hiyo kwa utulivu, maana ndani yake mna busara ambayo wengi wetu hatuna. Grant hakumpunguzia rafiki yake sharti hata moja kwa fedha ya hoteli. Sharti halikuwa lake, lilikuwa la jeshi na la nchi. Alichotoa ni fedha yake mwenyewe. Alijua mpaka uko wapi kati ya alichokabidhiwa na alichomiliki.

Grant akaja kuwa rais wa nchi hiyo, kuanzia 1869 hadi 1877. Na uzeeni akafilisika tena. Mwaka 1884 kampuni aliyowekeza fedha zake ilianguka, na muda mfupi baadaye saratani ya koo ikamshika. Alihamishiwa kwenye nyumba ndogo huko Mount McGregor, kaskazini mwa New York, akawa anaandika kumbukumbu zake mbio mbio ili mkewe asibaki bila kitu. Sauti ilikwisha. Aliyetaka kuzungumza naye alijibiwa kwa vikaratasi. Katika Julai 1885, siku chache kabla ya kifo, Buckner alipanda kule mlimani kumwona. Fikiria hao wawili: mshindi asiye na sauti anaandika kwa penseli, aliyeshindwa anasoma na kujibu kwa mdomo. Grant alikufa tarehe 23 mwezi huo. Alipozikwa New York tarehe 8 Agosti, miongoni mwa waliopewa heshima ya kulisindikiza jeneza walikuwamo Sherman na Sheridan, majenerali wenzake wa Kaskazini. Pamoja nao walikuwamo wawili wa Kusini, Joseph Johnston na Buckner.

Waliofika kumuaga Grant walikuwa wengi, wenye majina makubwa, na wote walikuwa wamekuja kumwona rais na jenerali. Buckner alikuwa amewahi kumwona mtu aliyeshindwa kulipa chumba cha kulala. Kwa mgonjwa aliyefilisika mara ya pili, naamini kulikuwa na faraja katika macho ambayo hayakushangaa.

Chuo hicho cha West Point kina desturi nyingine ninayoipenda. Wahitimu wa zamani wanaporudi, hujipanga kwa mwaka wa kuhitimu na si kwa cheo. Mzee kuliko wote aliyefika ndiye anayeweka shada la maua kwenye sanamu ya Sylvanus Thayer, aliyekiongoza chuo kuanzia 1817 hadi 1833, na mara nyingi huwa ameshikwa mkono na kijana. Darasa la 1915 lilikuwa na wahitimu 164, na 59 kati yao walifikia ujenerali, wakiwamo Eisenhower na Bradley. Lakini kwenye mstari ule hata Eisenhower ni mtu wa 1915 tu, ubavuni mwa aliyestaafu bila nyota hata moja ya jenerali. Kila mwaka mstari unasogea mbele kwa sababu walio mbele wanaondoka. Karne hii wameongeza jambo jingine: pete za wahitimu wa zamani, nyingi za marehemu, huyeyushwa na kuchanganywa katika dhahabu ya pete za darasa jipya. Bibi yangu asingehitaji kuelezwa maana yake. Kwetu mtoto hupewa jina la babu.

Lakini nisiusifu undugu huu kana kwamba hauna sumu. Unayo.

Gamal Abdel Nasser na Abdel Hakim Amer walihitimu chuo cha kijeshi cha Misri mwishoni mwa miaka ya 1930. Walitumikia pamoja Sudan, wakala njama ya kumwondoa mfalme pamoja, na mapinduzi ya Julai 1952 yalipofanikiwa, Nasser alimwamini Amer kuliko mtu yeyote. Mwanawe mmoja alimpa jina la Abdel Hakim. Mwaka 1953 Amer alirushwa kutoka meja hadi meja jenerali na kukabidhiwa jeshi zima. Vita vya Suez vya 1956 vilionyesha udhaifu wa uongozi wa jeshi. Mwaka 1961 Syria ilijitenga na Misri wakati Amer ndiye aliyekuwa amepelekwa kule kuisimamia. Nasser aliyaona yote hayo, akajaribu kumpunguzia madaraka, kisha akarudi nyuma. Alishindwa kumtazama machoni mtu aliyekuwa rafiki yake tangu ujana na kumwambia: hapa umefika. Juni 1967 Israel iliyavunja majeshi ya Misri kwa siku sita, na maelfu ya vijana wakafia jangwani Sinai. Septemba mwaka huohuo Amer alikufa akiwa kizuizini, serikali ikasema amejiua kwa sumu. Nasser mwenyewe alifariki miaka mitatu baadaye, akiwa na umri wa miaka 52.

Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Hapa hakulia mmoja. Walilia akina mama wa Misri nzima. Kinachoniuma katika habari hii ni kwamba mapenzi ya Nasser kwa rafiki yake yalikuwa ya kweli. Hakukosa upendo. Alikosa kile alichokuwa nacho Grant pale Donelson, yaani kumpa rafiki kilicho chako na kumnyima kisicho chako. Kila mahali ambapo wa kozi moja hupeana vyeo, huzimiana kesi na kufunikiana wizi, ujue wamekata sabuni ya wote na kuchukua vipande vyao kwanza.

Basi nirudi kwa baba mdogo, maana kuna jambo sikulisema.

Alipostaafu alipotea. Kiinua mgongo chake alikiweka kwenye biashara ya mtu aliyemwamini, na mwaka ule ule kikaisha. Simu iliyokuwa haitulii ikanyamaza. Akaanza kunywa asubuhi. Sisi ndugu tulinyamaza, kwa heshima tulivyojiambia, kwa woga nikisema kweli. Nani angemwambia kanali? Siku moja wakaja wazee watano, yule kapteni akiwa mbele. Hawakumletea fedha. Walikaa barazani, wakakataa chai, na yule Mngoni akamwambia mbele ya mkewe, "Kozi, mimi nakujua. Wewe si huyu." Baba mdogo aliwafukuza. Nilikuwapo, nilisikia maneno aliyowatolea, na sitayaandika. Waliinuka, wakaaga kwa adabu, na wiki iliyofuata wakarudi. Na iliyofuata. Walipangiana zamu kama za lindo. Haikuwa miezi, ilikuwa zaidi ya miaka miwili kabla hajaiacha chupa, na mara mbili katikati aliirudia.

Mama mdogo aliishi naye miaka 38, akahama naye kambi baada ya kambi, akilea watoto peke yake mumewe anapokuwa mafunzoni au mpakani. Aliwahi kuniambia kwamba yako mambo ya mumewe aliyoyasikia kwa mara ya kwanza akiwa amejibanza dirishani, mume na kozi wake wanazungumza nje. Hakulalamika alipolisema. Lakini mimi nalisema kwa niaba yake: hiyo ni hasara. Mtu anayempa mwenzake wa hangani moyo wote na mkewe akambakizia adabu tu, amegawa vibaya. Nimewasikia hata baadhi ya wazee wale, sasa wakiwa wamefiwa na wake zao, wakikiri hivyo.

Alifariki mwezi wa sita, tukamsafirisha Iringa. Yule mzee alifika kwa basi la usiku, akateremka na koti lake refu na mfuko wa rambo. Jeneza lilipotaka kutoka nyumbani, alisimama mlangoni akanyoosha mikono. "Haliondoki," alisema. "Huyu Mhehe nilimkamata mwenyewe Monduli akiwa mwembamba kama fito, nimemlisha sabuni yangu. Nilipeni kuku wangu kwanza." Akina mama waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka. Baba yangu mzazi, aliyekuwa hajasema neno tangu juzi yake, alicheka mpaka akashika ukuta, na hapo ndipo machozi yake yalipotoka. Kuku aliletwa, mlango ukafunguliwa. Kaburini nilimwona mzee wa miaka karibu sabini akipokea jembe kutoka kwa vijana na kukataa kulirudisha mpaka udongo ulipokaa sawa.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulimwomba yeye agawe vitu vya marehemu, kwa kuwa ni mtani na kwa kuwa hakuna ambaye angemshuku. Tulitandika mkeka uani. Akavipanga vyote kwanza, kimya, akivihamisha kutoka fungu hadi fungu, akirudi nyuma hatua mbili kutazama, kisha anahamisha tena. Saa kwa mwana mkubwa. Suti kwa baba yangu. Redio kwa binti aliyemuuguza. Koti la mvua kwa kijana anayechunga ng'ombe. Viatu vyeusi akampa mjukuu wa miaka kumi na tano ambaye mguu wake ulikuwa bado haujavitosha, akamwonyesha namna ya kuzungusha kitambaa kwenye vidole viwili. Kila mtu alipokwisha kupata, mama mdogo akamwuliza, "Na wewe, shemeji?"

Mkekani lilikuwa limebaki kopo la dawa ya viatu, limetumika zaidi ya nusu. Akaliokota, akalifunga kifuniko vizuri kwa kiganja, akalitia kwenye mfuko wa koti, akauliza basi la Songea linapita saa ngapi.